Kipaimara Tabora: Desemba, Matengenezo au Pentekoste?

Baraza la wazee linapokaa kupanga kalenda ya usharika, siku nyingi hujipanga zenyewe. Krismasi haitoki tarehe 25 Desemba. Pasaka inafuata mwezi. Sikukuu ya Mikaeli na Watoto inaangukia mwishoni mwa Septemba, na Mavuno yanasubiri shamba liseme. Siku kubwa inayobaki mikononi mwa wazee wenyewe ni moja: Jumapili ya kipaimara, siku ambayo vijana wa Kilutheri waliomaliza mafundisho huwekewa mikono na kushiriki Meza ya Bwana. Hakuna andiko linaloipa tarehe, na kwa kuwa hakuna andiko, sharika nyingi ninazozifahamu hapa Tabora zimeiacha pale zilipoikuta, yaani Desemba, bila kuuliza kama Desemba inawafaa watu wa huku.

Ninafundisha kipaimara, na swali hili linarudi kila mwaka mpya wa mafundisho unapokaribia. Ninawaandikia wazee wa kanisa, wainjilisti wa mitaa, na wazazi wenye watoto darasani. Nitaziweka siku tatu pamoja: Jumapili ya Desemba kabla ya Krismasi, Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa mwishoni mwa Oktoba, na Pentekoste, sikukuu ya kushuka kwa Roho Mtakatifu, wiki saba baada ya Pasaka. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji asiutafute: mimi ni wa Pentekoste. Lakini Desemba ina hoja, na Matengenezo yana hoja nzito zaidi ya watu wanavyodhani, na usharika wenye hali tofauti na yetu unaweza kuamua tofauti ukawa umeamua vyema.

Tarehe haikuandikwa mahali popote

Luther hakuihesabu kipaimara kuwa sakramenti. Alichokitaka ni kila mtoto ajue anachokiamini na aweze kukisema kwa kinywa chake, na ndiyo sababu mwaka 1529 alitoa Katekisimo Ndogo, kitabu kidogo cha maswali na majibu ya imani. Ibada ya kuwawekea vijana mikono baada ya mafundisho ilipata umbo lake miaka kumi baadaye, mwaka 1539, katika kanuni iliyotungwa Ziegenhain, katika nchi ya Hesse huko Ujerumani, na mwanatheolojia Martin Bucer ndiye aliyekuwa na mkono mkubwa ndani yake. Tangu hapo kila Kanisa la Kilutheri limechagua wakati wake. Wajerumani wengi hufanya kati ya Jumapili ya Matawi na Pentekoste. Wanorwei hupenda Mei. Ufini vijana hupelekwa kambini wakati wa likizo yao ya kiangazi, wakasoma, wakaimba, wakarudi kuwekewa mikono. Walutheri wa Marekani wengi wako kwenye Pentekoste au Matengenezo.

Kote huko hali ya hewa, shule na kazi za watu zimeshiriki katika uamuzi, wala hakuna aliyeona aibu kwa hilo. Kama Mnorwei anangoja theluji iyeyuke, Mnyamwezi naye ana haki ya kungoja matope yakauke.

Kabla ya kupima tarehe, tukumbuke siku yenyewe inabeba nini. Wanakipaimara wanaulizwa maswali mbele ya wazee, na mahali pengine mbele ya usharika wote: Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo, Chakula cha Bwana. Wasiobatizwa wanabatizwa kwanza. Wazazi waliokuwa nje ya Meza ya Bwana, yaani hawaruhusiwi Chakula cha Bwana, wanarudi kundini, wengine ndoa zao zinabarikiwa wiki hizo hizo ili wakae na mtoto wao mezani. Kisha mtoto anapiga magoti, anawekewa mikono, anapewa mstari wake wa Biblia na cheti, na anashiriki Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza. Siku ya namna hii inataka mambo matatu: wazazi na wasimamizi wa ubatizo wawepo, watoto wa mitaa ya mbali wafike bila kulala njiani, na mchungaji awe na nafasi ya kumtazama kila mmoja usoni. Hayo matatu ndiyo mizani yangu. Kuna la nne, nitalifikia kwenye Pentekoste.

Desemba

Nguvu ya Desemba ni shule. Darasa la saba wamefanya mtihani wao Septemba, kidato cha pili na cha nne wamemaliza Novemba, shule zinafungwa, na mtoto hana daftari la kumvuta. Mafundisho yakianza Januari yanakwisha Novemba, mwaka wa darasa la kipaimara ukaenda sambamba na mwaka wa shule, na hakuna mzazi anayehitaji kuelezwa hesabu hiyo mara mbili. Kwa mwenye kipato kidogo ipo nafuu nyingine, nayo ni ya kweli kabisa: gauni lile lile au shati na suruali ile ile ya kipaimara ndiyo itakayovaliwa Krismasi. Kwa mama mwenye watoto watano hili ni jambo kubwa, na mzee wa kanisa anayelipuuza hajawahi kukaa na mama huyo akahesabu naye.

Lakini tuangalie nani anakuwepo Tabora Desemba.

Katika Unyamwezi Wakatoliki na Wamoravian walitangulia, na ukienda Urambo au Sikonge ukauliza kanisa la zamani, utaonyeshwa la Moravian. Ulutheri hapa kwa sehemu kubwa umekuja na watu waliohamia: walimu, wauguzi, askari, wafanyakazi wa reli, wafanyabiashara na wafugaji, kutoka Kilimanjaro, Arusha, Kagera, Singida na Nyanda za Juu Kusini. Wengi wao wamejenga hapa na watoto wao wamezaliwa hapa, lakini bado wana kwao kwingine, na kwao wanakwenda Desemba. Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Uchagani kipaimara cha Desemba kina mantiki yake yote: ukoo mzima unapanda mlimani, mjomba wa Dar es Salaam yupo, shangazi wa Arusha yupo, kanisa linafurika. Siku hiyo hiyo inayojaza kanisa Marangu ndiyo inayopunguza watu kanisani Tabora. Msimamizi wa ubatizo ameshakata tiketi. Familia ya mwanakipaimara yenyewe inangoja ibada iishe ikimbilie basi la alfajiri ya kesho yake. Tuliichukua kalenda ya mahali watu wanakorudi tukaiweka mahali watu wanakotoka.

Wapo ambao hawaondoki, nao ni wenyeji na wakulima wa mitaani. Hao Desemba iko kinyume nao kwa sababu nyingine. Mvua za Tabora huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, ni msimu mmoja tu, hakuna wa pili wa kufidia. Desemba ndiyo wiki za kupanda mahindi na karanga, na kwa wakulima wa tumbaku ndiyo wakati miche inatoka kitaluni kwenda kwenye matuta. Miche haingoji. Kumwambia baba wa Kaliua au Uyui aache shamba siku tatu aje mjini kwa ajili ya mtihani wa wanakipaimara, mazoezi ya ibada na ibada yenyewe, ni kumtaka achague kati ya mtoto wake na chakula cha mwaka. Na barabara ya udongo mfinyanzi baada ya mvua ya usiku mmoja kila mtu wa huku anaijua. Bodaboda inayobeba mama na binti aliyevaa nyeupe haifiki ikiwa nyeupe.

Mfuko nao. Fedha za tumbaku za msimu uliopita zimekwisha, pembejeo zimechukuliwa kwa mkopo kwenye chama cha msingi, ghala linapungua. Sherehe inafanyika hivyo hivyo, kwa deni.

Halafu lipo jambo la ibada yenyewe. Jumapili nne za kabla ya Krismasi ni Majilio, madhabahu imevaa zambarau, Kanisa liko katika kungoja na kutubu. Inawezekana kufanya kipaimara humo, na sharika zinafanya, lakini shangwe ya siku inavutana na ujumbe wa majira. Na mchungaji wa Desemba ana ndoa zilizobanana, ana mikesha, ana ibada za Krismasi katika kila mtaa, ana hesabu za mwaka za kufunga. Anawawekea mikono vijana hamsini huku katibu anamsubiri mlangoni. Hilo si kosa lake.

Matengenezo

Kama kipimo kingekuwa mafundisho peke yake, ningeishia hapa. Tarehe 31 Oktoba 1517 ndiyo siku ambayo Kanisa linakumbuka hoja 95 za Luther huko Wittenberg, na kilichofuata miaka michache baadaye ni kwamba mkulima wa kawaida na mtoto wake wakapewa kitabu kidogo cha kuuliza na kujibu. Mwanakipaimara anayesimama Jumapili ya Matengenezo na kueleza kwa maneno yake maana ya amri ya kwanza anakuwa yeye mwenyewe mahubiri ya siku hiyo. Rangi ya madhabahu ni nyekundu. Barabara kavu. Watu wako mjini, hakuna aliyesafiri. Darasa la saba wameshamaliza mtihani na bado wako nyumbani. Mwaka 2027 tarehe 31 Oktoba inaangukia Jumapili yenyewe, kwa hiyo hakuna kusogeza sikukuu mbele wala nyuma.

Udhaifu wake wa kwanza ni wa mwili. Oktoba ndiyo kilele cha joto Tabora. Ibada ya kipaimara ni ndefu, kwaya haziimbi wimbo mmoja, na makanisa mengi ya mitaani ni bati tupu bila dari. Watoto wamefunga kula asubuhi kwa wasiwasi, wamevaa suti za kuazima zenye koti zito. Mwenye usharika wenye dari na feni anaweza kuruka aya hii.

Wa pili ni wa msimu. Kuanzia Agosti hadi Oktoba mkulima anaandaa vitalu, anakata magogo, anafyeka, ananunua. Hana njaa bado, lakini kila shilingi ina jina. Wa tatu ni wa wanafunzi wa sekondari, kwa maana mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne iko mlangoni. Darasa lenye watoto wa shule ya msingi tu halitasumbuka, lenye wakubwa litasumbuka.

Wa nne nausema kwa uangalifu, na najua wapo watakaonipinga. Mtoto wa Kilutheri Tabora anakaa dawati moja na Mkatoliki, bibi yake pengine ni Mmoravian, baba mdogo ni Mwislamu. Siku anapokiri imani yake mbele ya wote, sitaki kitu cha kwanza kushika akilini mwake kiwe habari ya kutengana. Inawezekana kuhubiri Matengenezo bila kumchafua mtu. Wachungaji wetu wengi wanalifanya hilo vizuri, na tarehe hiyo hiyo, 31 Oktoba 1999, Walutheri na Wakatoliki walitia saini Augsburg tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki kwa neema. Mhubiri mwenye kulikumbuka hilo ana daraja zuri la kuvukia. Lakini ninajua pia jinsi sikukuu hii inavyopangwa: mara nyingi sharika za mji au za jimbo zinaabudu pamoja, kuna wageni, kuna risala, kuna sadaka maalumu. Kipaimara kikiingizwa humo kinakuwa kipengele kimoja kati ya vingi, na watoto wanakaa saa nne kabla ya kuitwa majina.

Naiweka nafasi ya pili, karibu sana na ya kwanza.

Pentekoste

Mwombe mtu yeyote akueleze kinachoombwa mikono inapowekwa juu ya kichwa cha mtoto. Atakujibu: Roho Mtakatifu, amtie nguvu, amlinde katika ubatizo wake. Hiyo ndiyo Pentekoste. Haihitaji mhubiri atafute kamba ya kuunganisha siku na tukio, Matendo ya Mitume sura ya pili imeshaunganisha: Roho anashuka, Petro anafundisha, watu wanauliza wafanye nini, wanabatizwa siku ile wapata elfu tatu, na aya inayofuata inasema wakadumu katika fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali. Mafundisho, ubatizo, Meza, kudumu. Ni ratiba nzima ya kipaimara katika aya mbili.

Na Pentekoste ilikuwa sikukuu ya shamba kabla ya kuwa ya Kanisa. Walawi 23 inawaagiza Waisraeli wahesabu siku hamsini kisha walete mikate ya malimbuko mbele za Bwana. Huko ilikuwa ngano. Tabora wakati huo mahindi yanavunwa, karanga zimeng'olewa, mpunga unakatwa kwenye mbuga, viazi vinaanza kukaushwa kuwa michembe na matobolwa. Sadaka ya malimbuko, ambayo kwingine lazima ielezwe, huku inaingia kanisani yenyewe ndani ya kapu. Mama asiye na bahasha nono ana debe la karanga, linapigwa mnada baada ya ibada, na ametoa kwa heshima mbele ya mtoto wake. Nyumbani kuna unga mpya na kuku wa kienyeji. Sherehe inaweza kuwa ndogo na bado ikashibisha.

Tarehe inahama, hilo ni kweli, na ndilo linalotajwa kwanza na wanaoipinga. Lakini inahama ndani ya mipaka. Pasaka haiwezi kuwa kabla ya tarehe 22 Machi wala baada ya tarehe 25 Aprili, kwa hiyo Pentekoste iko daima kati ya tarehe 10 Mei na 13 Juni. Piga hesabu hiyo juu ya mvua za Tabora: hata ikiwahi kabisa, masika yameshaaga au yanaaga. Hewa ni ya baridi kidogo asubuhi, barabara za mitaa zimekauka, mito ya msimu imeshuka. Mwaka 2027 itakuwa tarehe 16 Mei, mwaka 2028 tarehe 4 Juni, mwaka 2029 tarehe 20 Mei. Usharika unaweza kutangaza miaka mitatu mbele, na ninashauri utangaze hivyo, ili ndugu wa mbali anayetaka kuja kwa treni ya Reli ya Kati ajipange.

Watu wapo. Mtumishi hajaenda likizo. Wanafunzi wa bweni wako shuleni, na mji huu una shule zenye bweni za miaka mingi, Tabora Wavulana ambako Nyerere alisoma ikiwa mojawapo, pamoja na Tabora Wasichana na nyingine. Vijana wa Kilutheri walioko humo husoma kipaimara kwenye sharika za karibu na shule, na Desemba wanakuwa wametawanyika mikoani. Pentekoste tunawakuta hapa. Wazazi wao wako mbali, ni kweli, na hapo wazee wanapaswa kuwapa kila mmoja mtu wa kusimama naye.

Sasa lile la nne, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kipaimara cha Desemba kinampeleka mtoto Krismasi, kisha Januari. Januari anaanza kidato cha kwanza, mara nyingi wilaya nyingine, mara nyingi bweni. Ameshiriki Meza ya Bwana mara moja au mbili katika usharika uliomfundisha, na ameondoka. Tunalalamika kwamba vijana wakishapata kipaimara hawaonekani tena, tunawalaumu wao, tunalaumu simu, na ratiba tumeipanga wenyewe. Mtoto aliyewekewa mikono Pentekoste, Mei au Juni ya mwaka wake wa mwisho wa shule ya msingi, ana nusu mwaka na zaidi mbele yake akiwa bado nyumbani. Anaingia kwaya ya vijana. Anasoma neno kwenye ibada. Anasaidia watoto wadogo kujiandaa kwa Mikaeli na Watoto, na safari hii yeye ni mkubwa wao. Anakuja Mezani tena na tena mpaka hatua za kwenda madhabahuni zinakuwa zake. Matengenezo yanapofika anasikia habari za katekisimo kama mtu aliyeisoma. Akienda bweni Januari anakwenda akiwa na desturi, na desturi husafiri na mtu kuliko cheti.

Kuna faida ndogo inayofuata humo humo: mitihani. Wazazi wanaogopa kwamba mafundisho yakimalizika Mei yatambana mtoto wa darasa la saba. Mimi naona kinyume. Kuanzia Juni hadi mtihani wa Septemba hana tena kipindi cha Jumamosi cha kipaimara; miezi mitatu migumu ya shule anaipata yote.

Upungufu wa Pentekoste usifichwe. Shule ziko wazi katika miaka inapowahi, kwa hiyo mazoezi yafanyike Jumamosi na siyo wiki nzima kama tulivyozoea likizoni. Masoko ya tumbaku yanakuwa yamefunguliwa au yanafunguliwa, lakini kuuza siyo kulipwa, na mkulima aliyetegemea malipo hayo kununua nguo anaweza kujikuta mikono mitupu siku yenyewe. Dawa yake naijua moja: majoho meupe ya usharika, yashonwe mara moja, yatunzwe kabatini, yavaliwe na wote. Binti wa mkurugenzi na binti wa mchunga ng'ombe wanapiga magoti wakiwa sawa. Nguo ya chini ya joho hakuna anayeiona.

Kwa mtazamo mmoja

| | Desemba | Matengenezo | Pentekoste |
|---|---|---|---|
| Barabara za mitaa | Matope | Kavu | Kavu |
| Hali ya hewa | Mvua | Joto kali | Baridi ya asubuhi |
| Kazi ya shamba | Kupanda | Kuandaa | Kuvuna |
| Chakula nyumbani | Kinapungua | Kipo kiasi | Kipya |
| Fedha mkononi | Hakuna | Imepangiwa kazi | Inategemea malipo |
| Washarika wenye kwao kwingine | Wamesafiri | Wapo | Wapo |
| Shule | Zimefungwa | Zipo, mitihani ya sekondari karibu | Zipo, au zinakaribia kufungwa |
| Muda wa kulea kijana kabla hajahama | Wiki chache | Miezi miwili | Nusu mwaka na zaidi |

Siku nyingine tatu hutajwa vikaoni. Matawi na Pasaka zina uzuri wake, lakini mvua bado ipo, watu wa tumbaku wako mabanini wanakausha majani, na Juma Takatifu lina ibada nyingi zinazostahili kuachwa zilivyo. Mavuno yana chakula na fedha, ila sikukuu hiyo ni ya kumrudishia Mungu. Familia haiwezi kutoa sadaka yake kubwa ya mwaka na kulipia sherehe Jumapili hiyo hiyo bila kimoja kukonda, na tunajua kitakachokonda ni kipi.

Kwa wenzetu wa Kigoma nina neno moja tu, kwa wale walioko ufukweni. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka anapumzika. Pasaka huwekwa Jumapili baada ya mwezi mpevu. Yaani ni sikukuu ambayo wanaume wa ziwani wako nchi kavu karibu kila mwaka. Kwa usharika wa wavuvi hilo linaweza kushinda hoja zangu zote za mahindi na miche, na wazee wa huko wasiogope kuweka kipaimara Jumapili ya Pasaka yenyewe.

Ukitaka kuhama kutoka Desemba

Usihame katikati ya darasa. Wanafunzi walioahidiwa Desemba wapate Desemba yao, maana wazazi walishaanza kuweka akiba. Darasa jipya ndilo lianze Julai, baada ya likizo fupi ya katikati ya mwaka, na kwa mafundisho ya miaka miwili darasa la Julai 2027 litaifikia Pentekoste ya tarehe 20 Mei 2029 likiwa na muda wa kutosha, hata ukitoa wiki za mvua ambazo watoto wa mitaani hawafiki. Utakuwepo mwaka mmoja wenye madarasa mawili yanayopishana. Mwinjilisti asiachiwe peke yake mwaka huo. Mwalimu wa Shule ya Jumapili au kijana aliyepata kipaimara karibuni anaweza kusimamia kukariri, mchungaji akabaki na maelezo.

Umri wa kuandikisha nao usogee. Kama mlikuwa mnaandikisha mwanzoni mwa darasa la sita ili wamalize Desemba ya darasa la saba, sasa andikisheni Julai ya darasa la tano ili wamalize Mei au Juni ya darasa la saba. Wengine watasema ni wadogo. Wakiulizwa polepole wanajibu, na wakiwa bado nyumbani wanaweza kuulizwa tena.

Wazazi wanaohitaji kurudi kundini au kubarikiwa ndoa waanze kuonwa na mchungaji mara baada ya Krismasi. Ndoa inatangazwa Jumapili tatu, sheria ya nchi nayo inataka taarifa ya siku 21, na katika sharika nyingi hakuna ndoa za shangwe ndani ya Kwaresima, kwa hiyo nafasi halisi iliyopo ni kabla ya Jumatano ya Majivu au zile wiki saba kati ya Pasaka na Pentekoste. Mzee wa mtaa anazijua nyumba hizo. Aende kabla hajaitwa, aende jioni watu wakiwa wametoka shamba, na asiende na daftari.